Zaitun Atafuta Fundi wa Kuezeka

Zaitun, muuza mawese wa soko la Ujiji, aliingiwa na wazimu mmoja mwaka ule: mvua ikinyesha, watu wakikimbilia ndani, yeye ndipo anapotoka. Alikuwa na sababu. Kule Katubuka kuta zake za tofali mbichi zilikuwa zimesimama bila paa, zimefunikwa nailoni, na mvua za Oktoba zilishaanza kupiga hodi. Tofali mbichi na maji, jamani, hawajawahi kupatana. Paa likivuja msimu mmoja tu, nyumba aliyoihangaikia miaka sita inarudi kuwa tope.

Basi kila fundi aliyemjia, Zaitun alimwomba kitu kimoja: amwonyeshe nyumba alizoezeka. Wa kwanza, Iddi, mdomo asali, akatoa simu yenye picha tele, mabati yanang'aa. Zaitun akasema sawa, ngoja nikafike. Akasubiri mvua, akafika. Mwenye nyumba alikuwa amekaa kitandani na mwavuli, masufuria yametapakaa sebuleni kama kuna shughuli.

Wa pili, Leodgar wa Kidahwe, hakuwa na picha wala maneno mengi. Alimtajia nyumba mbili, Zaitun akazikuta kavu. Bado hakuridhika.

"Na uliyegombana naye je?"

Leodgar akakuna kichwa. "Mzee Selestini, pale Simbo. Yule hataki hata kuniona."

Mvua iliyofuata ilimkuta Zaitun juu ya bodaboda, njia ya Simbo, amelowa chapachapa, anajichekea.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kumuulizia fundi Leodgar."

"Marahaba. Usinitajie mkaidi huyo!"

Mzee akamwaga yote. Eti mbao zilikuwa mbichi, fundi akagoma kupaua mpaka zikauke, wiki tano nzima, harusi ya binti ikafanyika chini ya turubai. Tena kenchi moja ya kubebea bati ilipokaa upande, akaifumua yote akaanza upya. Mtu gani huyo hasikii la mwenye nyumba?

Aligomba nusu saa, na mvua ilipiga bati kwa kishindo hata Zaitun akamsogelea ili asipitwe na tusi. Akatupa jicho juu. Akatupa jicho pale ukuta unapokutana na bati. Hata tone. Mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko alichokibana, mzee akadhani ni baridi, akamletea kanga ya mkewe.

Leodgar alipofika Katubuka, jambo la kwanza alizikataa mbao saba. Zaitun akamgombeza kama kawaida ya wateja, huku moyoni anaruka kwa furaha. Zikaja nyingine, zikaanikwa, na kila wingu lililotokea upande wa Kongo alilibembeleza: subiri kidogo, baba.

Bati la mwisho lilipigiliwa Alhamisi. Jumamosi mvua ikashuka kutoka ziwani na hasira zake zote. Zaitun alizunguka vyumba vyote vitatu akipapasa kuta kwa kiganja. Kavu. Akatoka uani, akasimama kuitazama nyumba yake huku maji yakimchuruzika usoni, akicheka peke yake, na pale kwake siku ile hakuna kilicholowa ila yeye.