Damu ya Mjomba Ndani ya Samaki

Mjomba wangu alikataa kuvaa glavu. Hilo ndilo linalonijia kwanza kila nikifungua kompyuta, na hasira juu ya hilo hunifikia kabla ya huzuni. Tulikuwa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba. Mjomba, mvuvi wa miaka mingi, alikuwa ameninasia samaki niliyemtafuta wiki mbili: yule anayejivimbisha akikasirika, mwenye meno kama mdomo wa kasuku. Wavuvi humtupa kwa sababu ana sumu. Mimi nilimtaka kwa sababu ndugu zake wengi wanaishi baharini, na nilitaka kujua yeye alifikaje kwenye mto wetu. Kazi yangu ilikuwa kusoma jenomu yake, yaani maandishi yote ya mwili wake, herufi kwa herufi, tuyalinganishe na ya wale wa baharini.

"Gan ni ya kuoshea maiti," mjomba alisema nilipompa glavu. "Ukigusa kitu kizima na gan, unakiita maiti. Mwipwa, hujui?"

Kwetu watu wa umri wake husema hivyo, na hawatanii. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Sasa mukubwa hapa iko nani?" akacheka. "Wewe nilikubeba mu mugongo?"

Basi akamshika kwa mikono mitupu. Nilipochoma sindano, samaki akajipinda, akamng'ata kidole. Damu ya mjomba ikatiririka hadi mkononi mwangu, na tone moja, nililiona kwa macho yangu, likaingia kwenye kichupa nilichokuwa nakijaza damu ya samaki. Ningemwaga nianze upya. Lakini samaki alikuwa mmoja tu, tena ameshalegea, na mjomba alikuwa ananyonya kidole huku akinicheka. Nikafunga kifuniko. Nikajiambia tone moja si kitu.

Kichupa kilienda Kindu kwa pikipiki, kikapanda ndege, kikafika kwenye maabara yenye mashine ya kusomea. Mwaka uleule mjomba naye akaacha nyavu, akaenda Salamabila kutafuta dhahabu, maana mto ulikuwa hautoi kitu. Shimo likabomoka akiwa ndani. Wenzake walichimba siku tatu, wakaacha.

Katika ukoo wetu, mwili usipopatikana, familia hukata mgomba, huuvika sanda na kuuzika badala yake. Lakini lazima kiwekwe pamoja nao kitu kilichotoka mwilini mwa marehemu: nywele, au hata kucha. Mjomba alinyolewa na kinyozi wa kule machimboni, na nywele zake zilifagiliwa pamoja na za watu wengine. Mama, dada yake, akakataa kuzika mgomba mtupu. "Nizike ndizi?" alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Akaanza kutuambia kwamba anamsikia kaka yake akikohoa nyuma ya nyumba. Nilimhurumia. Kisha siku moja mchana, nikianika nguo, nikasikia kikohozi na mimi. Nilizianika zilizobaki haraka haraka, nikaingia ndani.

Mashine haisomi jenomu kwa mkupuo mmoja. Hutoa vipande vingi mno, na kazi ya mtu kama mimi ni kuviunga, mwisho wa hiki na mwanzo wa kile, kama mtu anayeunga barua iliyochanwa. Ukimaliza, unaipa kompyuta ikutafutie kisicho cha samaki. Orodha ya uchafu ilirudi. Bakteria, bakteria, bakteria. Halafu mistari kadhaa yenye neno moja: binadamu.

Nilidhani ni mimi. Kuna sehemu fupi ya maandishi ambayo mtu huipata kwa mama yake tu, na ya kwangu nilishaisoma wakati wa mafunzo. Nikalinganisha. Zilifanana herufi kwa herufi, nikajitukana kwa uzembe. Lakini chini yake kulikuwa na vipande ambavyo mwanamke kama mimi hana. Hapo nikakumbuka kidole, nikakumbuka kifuniko. Mjomba na mama walizaliwa na bibi mmoja. Sehemu ile fupi bibi aliwapa wote wawili, na mama akanipa mimi.

Niliogopa, sioni sababu ya kuficha. Tulikuwa tumemtafuta shimoni, kumbe yuko kwenye samaki wangu.

Kanuni ya kazi ni kwamba maandishi ya mtu hayatolewi pamoja na ya samaki, tena bila ruhusa yake. Nikafuta. Vile vipande vya kiume nilivifuta kimoja kimoja, ingawa ningeweza kuvifuta vyote kwa mara moja. Nilibakiza ile sehemu fupi tu, kwa kuwa ingeenea kwenye kurasa chache. Nikaichapisha Kasongo mjini, kwenye kibanda cha fotokopi, nikampelekea mama. Nilikwenda na furaha, Mungu anisamehe. Sasa mgomba ungepata cha kuzikwa nacho.

"Hii ndiyo yeye?" mama aliuliza.

"Ni damu yake, mama. Imeandikwa."

Akapitisha kidole juu ya herufi kama anayechambua mchele. Akauliza kama zile zote ni za kaka yake peke yake. Sijawahi kuweza kumdanganya mama.

"Hapana. Hata wewe uko nazo. Na miye. Zilitoka kwa bibi."

Akakunja karatasi, akanirudishia. "Basi hii haizikwi. Mutu muzima hazikwi." Halafu, bila ukali wowote: "Na ile ilikuwa yake yeye peke yake, uliweka wapi?"

Nikamwambia nimeifuta, na kwamba damu yenyewe iliishia kwenye mashine.

Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akiongea na kaka yake mkubwa kwa sauti yake ya kila siku, ile anayoitumia kwa mtu aliyekaa karibu.

"Ngoja bado, yaya. Mutoto alikupata, akakutupa. Hakujua."