Vibarua Wangu wa Mifupa

Nilipopoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, nilikuwa nimebakisha bosi mmoja tu, jitu la mwisho, nimalize gemu ya kompyuta. Najua hilo si jambo la kutaja kwanza. Mtu mwingine angeanza na damu, au na mama akija mbio kutoka kwa kuku, au na safari ya Mweiga hadi hospitalini Nyeri mkono ukiwa umefungwa kwa leso. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimelala kwenye kile kitanda, na kitu cha kwanza kilichonijia akilini asubuhi ya pili kilikuwa lile jitu lenye nyundo lililokuwa likinisubiri chini ya mgodi. Nilikasirika kwamba sasa litasubiri milele.

Mashine iliyovikata ni ile ya kukatakata majani ya ng'ombe. Kila boma la ng'ombe wa maziwa huku kwetu linayo, na kila mtu anajua kwamba majani yakikwama husukumi kwa mkono, unazima kwanza. Nilijua hivyo na nilikuwa nimeizima mara nyingi. Siku hiyo ng'ombe walikuwa wanalia, mvua inakuja, nikasukuma. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi, na nimejilaumu vya kutosha.

Nilibaki na kidole gumba, cha pete na cha mwisho. Daktari aliniambia nitazoea mkono, na kweli niliuzoea. Watu ndio walionishinda. Nyumba nzima iligeuka kuwa ya kunimalizia. Nikishika kisu nimenye viazi, mama ananipokonya: "Wacha nikumalizie, mami." Nikianza kufunga vifungo vya sweta, tayari kuna mtu kifuani pangu anavifunga. Kanisani jirani alinifungulia ukurasa wa kitabu cha nyimbo hata kabla wimbo haujatajwa. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nimekamua ng'ombe wanne tangu nimalize shule, na sasa nilikuwa naambiwa nikae kwenye kiti nipumzike. Mama aliwakamua wote peke yake, na magoti yake mabovu.

Kitu pekee nilichokataa kuachia kilikuwa mtungi wa maziwa. Ni mtungi wa alumini, kifuniko chake hubana sana, na kukifungua kwataka mkono mmoja ushike na mwingine uzungushe. Mimi niliubana kwa magoti nikagonga kifuniko kwa jiwe mpaka kikalegea. Mama alikuwa akisimama mlangoni mwa zizi akiguna. Akikaribia, namtolea macho. Mdomo wa mtungi ule umebonyea mpaka leo, na karani wa kupokea maziwa pale barabarani aliwahi kuuliza iwapo tunaupiga kama ngoma.

Kompyuta nilipewa na kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka minne. Anauza mabati na misumari katika duka moja mjini Nyeri, na huja nyumbani kila Jumapili baada ya kanisa. Yeye ndiye aliyenifundisha gemu. Ni mtu mmoja mwenye silaha, anashuka mapangoni na ngomeni akiua mazimwi, na kila akiua anapata pointi za kujijenga anavyotaka. Kuanzia saa nane hadi saa kumi mchana, ng'ombe wakiwa wamelala wanacheua, wakati ule ulikuwa wangu. Nilikuwa nimejenga mwanamke wa upanga, mwepesi kama paka. Mtu wa namna hiyo anaishi kwa vidole viwili vya mbele kwenye kipanya cha kompyuta: piga, ruka, piga, ruka. Ndivyo hasa vilivyokwenda.

Jumapili ya kwanza nilipotoka hospitalini, kaka alinikuta nimewasha kompyuta na bandeji mkononi, namwangalia tu yule mwanamke amesimama na upanga wake.

"Siste, lete nikumalizie hiyo bosi," akasema. "Ni dakika tano tu."

Alisema kwa upendo. Najua alisema kwa upendo. Nikamwambia akigusa hiyo kompyuta nitamng'ata, na nikaona kutoka usoni mwake kwamba aliamini. Basi nikaapa pale pale, kimoyomoyo: katika maisha yangu yote kuna kitu kimoja ambacho hakuna mtu atanimalizia, nacho ni lile jitu.

Nilijaribu kwanza mkono wa kushoto. Mwanamke wangu wa upanga aligongana na kuta kama mlevi wa mchana. Nikajaribu ule wa kulia kwa kidole cha pete, ambacho hakijawahi kufanya kazi yoyote maishani, na kikanionyesha hivyo. Baada ya wiki tatu nilimwacha yule mwanamke alipo, nikaanza mtu mpya kutoka sifuri. Safari hii nilichagua yule ambaye zamani nilikuwa namcheka, yule anayeita mifupa.

Mtu huyo hapigi. Anainua mkono, mifupa inatoka ardhini na panga za kutu, na hiyo ndiyo inayompigania. Kazi yake ni kutembea, kuita, na kuita tena mmoja akivunjika. Kidole kimoja chamtosha. Nilipanda naye taratibu, siku baada ya siku, saa nane hadi saa kumi. Kila pointi niliyopata niliitia kwenye idadi. Nilianza na mifupa mitatu, ikawa mitano, ikawa minane. Fimbo nikaibadilisha kwa nyingine iliyoongeza mmoja, na pete ikaongeza mwingine. Nilikuwa na daftari la shule ambamo nilichora mti mzima wa nguvu, ule mchoro wa gemu unaoonyesha nguvu ipi inazaa ipi, nikiandika kwa mkono wa kushoto, maandishi ya darasa la kwanza. Mifupa ilipofika kumi na miwili nilihisi mimi ni mtu tena.

Mama alipita nyuma yangu mchana mmoja na sufuria ya maganda.

"Ni nini hiyo inatoka kwa mchanga?"

"Ni mifupa, mama. Naita, inanipigania."

"Ati unaita wafu? Kwa hii nyumba yangu?"

"Si wafu kweli. Ni kama vibarua."

Akaangalia kwa muda. Neno kibarua lilimpoza, maana hilo analijua.

"Na wanakula nini?"

"Hawakuli."

"Basi hawatafanya kazi," akasema, akaenda kwa kuku.

Nilicheka. Kisha nikafika kwa jitu, na kicheko kikaisha.

Ukumbi wa jitu ni mpana, na mlango wake ni njia nyembamba ya mawe. Kwa kuwa mtu wangu alikuwa dhaifu, pointi zote zikiwa zimeishia kwa vibarua, nilimficha pale mlangoni. Nilituma mifupa kumi na miwili ndani. Ilikimbia vizuri, ikapiga mara mbili au tatu, halafu ikageuka. Yote. Ikarudi mbio kwangu mlangoni kama watoto waliosikia kengele ya shule. Jitu likaifuata kwa nyundo, likaivunja migongo, likanifikia na mimi. Nikarudia, na ikarudia. Siku tisa nzima nilikufa katika mlango ule. Nilitukana gemu na walioitengeneza, na siku ya sita nilimtukana jogoo aliyepita dirishani. Kaka alipopiga simu nikamwambia naendelea vizuri.

Wiki hiyo zamu ya ngwatio ilifika kwetu. Ni desturi yetu ya kulimiana kwa zamu: mama na wanawake wengine wanane huenda shamba la mmoja, wanamaliza kazi, wiki inayofuata ni shamba la mwingine. Siku hiyo ilikuwa ya kuchimba viazi vyetu. Ngwatio ina utaratibu wake. Mwenye shamba huchukua mstari wa kwanza, anachimba mbele ya wote na hauachi. Chai, maji na magunia huletwa na mtu wa nyumbani.

Mtu wa nyumbani nilikuwa mimi, na nikasema tumbo linaniuma. Tumbo halikuwa na neno. Sikutaka wanawake wanane wauangalie mkono wangu nikiwamiminia chai, wala sikutaka mmoja wao asimame anipokonye birika. Kwa hivyo nilikaa chumbani, pazia nimelivuta nusu, kompyuta mbele yangu, jitu likinisubiri.

Kutoka dirishani nilimwona mama kwenye mstari wa kwanza, jembe la meno likipanda na kushuka, na nyuma yake wanane wakichimba kwa mwendo uleule. Halafu chai ikahitajika na hakukuwa na wa kuileta. Mama akaweka jembe chini, akaja jikoni. Alipofika nusu ya njia, mstari ulilegea. Mmoja alinyoosha mgongo, mwingine akaegemea jembe, wa tatu akaanza hadithi kwa mikono yote miwili. Mpaka mama anapita mlangoni, wote walikuwa wamesimama wakitazama nyumba. Si wavivu. Wale wanawake wakija kwako wanachimba mpaka unawaonea huruma. Lakini mwenye kazi alikuwa ameondoka. Aliporudi na birika wakanywa, akashika jembe, wakashika. Kisha magunia yakaisha akaja tena, na mstari ukalegea tena.

Mara ya tatu nilipomwona akivuka ua na yale magoti yake, nilipata aibu ya kweli, ile ya kuchoma masikio. Nilijua ni mimi ninayemtoa kwenye mstari wake. Na bado sikutoka. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Niligeuza uso kutoka dirishani, nikakutana na kompyuta: mtu wangu amejificha mlangoni, na mifupa kumi na miwili imemzunguka ikimtazama.

Ndipo nilipojua kwamba mifupa ilikuwa hainikimbilii kwa woga. Ilikuwa inafuata alipo mwenye kazi.

Kesho yake nilivunja kila kitu nilichojenga. Gemu inakuruhusu kurudisha pointi zako ukiwa tayari kuachia mali yako, na niliachia yote. Mifupa ikashuka kutoka kumi na miwili hadi saba, na iliniuma kama kuuza ndama. Nikaondoa ile fimbo ya kuongeza idadi, nikamshikisha mtu wangu ngao. Nikamvika vazi la chuma zito. Pointi zilizobaki nikaziweka kwenye uhai wake mwenyewe, na kwenye nguvu moja ambayo nilikuwa nimeidharau tangu mwanzo, inayoponya kila kibarua aliye karibu na aliyemwita. Karibu tu, ukiwa mbali hapati kitu. Nilipoisoma vizuri nilimkumbuka mama na maganda yake. Sasa walikuwa wanakula.

Jumapili kaka alinikuta mlangoni mwa jitu. Alivuta stuli akakaa nyuma yangu, mikono ameikalia ili isimponyoke.

"Uko na saba pekee? Siste, hiyo ni kidogo."

"Nyamaza."

Nikaingia. Sikusimama mlangoni. Nilimpeleka mtu wangu katikati ya ukumbi, miguuni pa jitu, na vibarua saba wakaja naye, na hakuna aliyegeuka.

"Rudi nyuma!" kaka akapiga kelele. "Rudi! Rudi!"

Nyundo ilishuka, uhai wangu ukapungua nusu. Nilibaki palepale. Mmoja akavunjika, nikamwita tena kwa kidole cha pete, kile kivivu, ambacho miezi miwili ilikuwa imekifunza adabu. Wakavunjika wawili, nikawaita. Mkono uliniuma mpaka kwenye kiwiko, na kaka alikuwa anapumua shingoni mwangu kama ng'ombe mgonjwa. Mara mbili niliona mkono wake ukijitokeza ukielekea kwenye kipanya, na mara mbili akaurudisha mwenyewe. Wakati mmoja nilibaki na uhai kidogo kama wembe, nikasogea hatua moja mbele badala ya nyuma. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nimechoka kurudi.

Jitu lilipiga magoti. Nyundo ikaanguka, na ule ukumbi ukaanza kuingia mwanga kutoka juu. Vibarua wangu watano waliobaki walisimama wakinizunguka, hawana la kufanya.

Kaka alisogeza stuli nyuma. Kisha akasema, "Mimi ningekufa hapo," na nikajua hadanganyi. Nililia kidogo. Nilikuwa na haki.

Saa kumi ikafika na ng'ombe wakaanza kuita. Mama alikuwa ameshaingia zizini na kiti chake kidogo. Nikachukua ndoo ya pili nikamfuata, nikakaa kwa yule ng'ombe mpole wa mwisho, nikamkamua kwa mkono wa kushoto na vile vidole vitatu. Ilichukua muda mrefu na maziwa mengine yaliingia kwenye gamboti, kiatu changu kirefu cha mpira. Mama aliangalia ile gamboti, akaangalia ndoo, akarudi kwenye ng'ombe wake.

Kisha nikauendea mtungi. Niliubana kwa magoti kama kawaida, nikaokota jiwe langu. Kaka alikuwa amesimama nje ya zizi akiangalia kando, maana alikuwa ameshajifunza. Nilishika lile jiwe kwa muda. Nikaliweka chini.

"Wewe," nikamwita, "kuja unishikie hii mtungi."

Alikuja haraka, akachuchumaa, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kifuniko.

"Si kufungua. Nimesema kushika."

Akaukumbatia ule mtungi kwa mikono yote miwili, akaushika, akanitazama. Nikazungusha mimi.