Mkeka Mbele ya Stoo

Kariakoo ina fremu ya kila kitu. Kuna fremu ya vijora, fremu ya vioo vya simu, fremu ya vifungo peke yake, na katika Mtaa wa Pemba kuna mzee ana fremu nzima ya mifuniko ya sufuria. Mtoto wa miaka mitatu hana fremu. Yeye anawekwa kwenye boksi.

Zeina binti Muhiddin alizaliwa mtaani hapo hapo, kwenye nyumba ya bibi yake yenye vyumba sita na ua nyuma, moja ya nyumba chache za zamani zilizobaki zimebanwa na maghorofa. Maboksi yenye watoto aliyakuta, akakua nayo, akayazoea kama watu wote wa Kariakoo walivyoyazoea. Mama anauza, mtoto yuko chini ya meza ndani ya boksi, amepewa kizibo cha soda achezee. Asikanyagwe, asipotee, asigongwe na mkokoteni. Ni akili ya mama asiye na pengine pa kumweka, na mwenye kumlaumu kwanza aje na hapo pengine.

Mwaka aliotoka chuoni na cheti chake cha ualimu wa awali, Zeina alienda kula kwa Paskalina, mama ntilie wa kwenye kona. Chini ya meza alikuwepo Safari, mtoto wa Paskalina, boksi la chupa za chai limemfika kifuani. Zeina akamnyanyua, akamsimamisha kwenye baraza tupu. Safari hakwenda popote. Alisogea hatua moja, akasimama kama aliyegonga ukuta. Akageuka, akasogea upande wa pili, akasimama tena. Boksi lilikuwa limebaki chini ya meza, lakini yeye alikuwa bado yumo.

"Mpole huyo!" Paskalina alisema kwa fahari, huku akipakua maharage. "Hasumbui hata kidogo."

Zeina hakuumaliza wali wake.

Shule ya uani ilianza wiki hiyo. Nyumba ilikuwa ya urithi na haikuwahi kugawanywa; kaka yake Abdulkadiri, muuzaji wa jumla wa chupa za chai, alikuwa ameshika upande wa mbele, kwa hiyo Zeina akashika ua. Akafagia, akafunga turubai la kivuli, akatandika mkeka mkubwa wa ukindu aliouacha bibi. Kwenye soko la Mchikichini akaokota viatu vya mitumba vilivyopoteza wenzao, maana hakuna mnunuzi wa kiatu kimoja. Akaongeza vizibo, mabakuli na beseni la mchanga. Wakaja watoto wa mama ntilie, wa machinga na wa wapagazi.

Na malalamiko nayo yakaja.

"Mwalimu, mwanangu kakaa hapa mwezi mzima hajui hata a," alisema Fikirini, kiongozi wa vijana wa mikokoteni na baba yake Sophia. "Kazi yao kupanga viatu. Kwani nimemleta awe fundi viatu?"

"Muulize kwa nini amevipanga hivyo."

Fikirini akachuchumaa kwa mzaha. Sophia, ambaye mbele za watu alikuwa hatoi neno, akamwonyesha kimoja kimoja: hivi vya watu wakubwa, hivi vya watoto, hivi vya mvua. Na hiki cheupe kinalia, kwa sababu mwenzake amebaki Ulaya. Fikirini alicheka mpaka akakaa chini mavumbini, na habari ya a hakuiuliza tena.

Lakini wapo wengi ambao bado wanaiuliza. Wenye uwezo huwapakia watoto wao kwenye basi dogo la shule kila asubuhi, wakacheze kwenye majani na walimu wenye subira. Kisha haohao wanatuambia mtoto wa machinga hana haja ya kucheza, anahitaji ubao na fimbo, na hivyo navyo asubiri mpaka afikishe miaka sita. Zeina alikataa. Alisema mtoto wa Paskalina atapata mchanga, maji, hadithi na mtu mzima wa kumjibu maswali yake, na atavipata hapahapa Kariakoo, mama yake anapouzia.

Kisha ikaja Idi. Zeina akafunga shule, akaenda kula sikukuu kwa shangazi yake Buguruni. Aliporudi alikuta maboksi ya chupa za chai yamejaa uani mpaka yanagusa turubai, mlango wa uani unaotokea uchochoroni una kufuli jipya, na viatu vya watoto vimetiwa kwenye kiroba, vimetupwa kando ya mtaro.

Alimkuta Abdulkadiri dukani kwake, anakunywa kahawa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usianze, Zeina."

"Ua wangu umefanyaje?"

"Umepata kazi."

"Ulikuwa na kazi."

"Kazi gani? Kupanga ndala?" Abdulkadiri akaweka kikombe chini. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla mwenye mzigo usio na pa kulala. "Mdogo wangu, hapa ni Kariakoo. Kesho linakuja lori lingine. Ukitaka shule, nenda Chanika huko, kuna viwanja."

"Mama zao wanauza Chanika?"

"Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii."

"Nyumba ya urithi, kaka. Fungu langu liko chini ya chupa zako."

"Basi kalitafute," akasema, na wateja wawili wakacheka.

Kwenye kona, Paskalina alikuwa ameshalitoa boksi. Hakuweza kumtazama Zeina usoni. "Sina jinsi, Mwalimu. Mafuta yanachemka, mtoto ananizunguka miguuni." Safari aliliona lile boksi, akalisogelea mwenyewe, akanyoosha mikono juu ili apandishwe. Miezi yote ile ya mchanga na hadithi, na mikono bado ilikuwa inakumbuka. Zeina alijua kwamba akikaa kimya wiki moja tu, mtoto huyu atakuwa amerudi alikotoka, na Sophia naye, na wote.

Sasa, kuna sheria moja Kariakoo ambayo haikuandikwa popote na hakuna asiyeijua. Aliyetandika turubai lake alfajiri na kupanga bidhaa, mahali hapo ni pake mpaka jioni. Mtamtukana, mtamnunia, lakini hamnyanyui turubai. Na hakuna aliyefaidika na sheria hiyo kama Abdulkadiri. Kabla ya duka lake la jumla alikuwa machinga wa vijiko, hapo hapo nje ya nyumba yao, na siku tajiri mmoja alipotaka kuegesha gari kwenye turubai lake, yeye alisimama juu ya turubai akapiga kelele, "Nimetandika! Nimetandika!" mpaka mtaa mzima ukajaa. Kisa hicho alikisimulia kwenye kila harusi ya ukoo.

Kesho yake, watu walipotoka kuswali alfajiri, Zeina alikuwa uchochoroni. Alitandika mkeka wa bibi mbele ya mlango wa uani, ukuta kwa ukuta, akapanga viatu juu yake safu kwa safu. Kulipokucha, watoto walikuwa wamekaa.

Lori likaingia kinyumenyume, likapiga honi, likasimama. Fikirini na vijana wake walikuwa nyuma yake na mikokoteni. Abdulkadiri akatoka mbio.

"Kuna nini? Shusheni mzigo!"

"Tajiri, pametandikwa," akasema Fikirini.

"Toa huo mkeka."

"Pametandikwa, tajiri. Na bidhaa imepangwa."

"Bidhaa gani? Hao ni watoto!"

"Mmoja wa kwangu," Fikirini akasema, akakaa juu ya mkokoteni wake. Vijana wake nao wakakaa.

Wachuuzi wakaanza kusogea. Paskalina alikuja na mwiko mkononi. "Abdul, ile hadithi ya turubai ilikuwaje vile?" aliuliza kwa sauti. "Mie naisahau mwishoni. Yule mwenye gari alipita?"

"Hakupita!" mtu akajibu kutoka juu ya ghorofa, na uchochoro mzima ukaangua kicheko. Dereva akazima injini.

Abdulkadiri akainama karibu na dada yake. "Unaniaibisha mtaani kwangu."

"Na mimi ni mtaani kwangu. Watoto, kaka yangu amekuja. Tunamwambiaje mkubwa?"

"Shikamoooo!"

Angefanya nini? "Marahaba," akasema, na masikio yakamwiva. Kisha kwa sauti ya chini, "Haya. Nitakupa upande mmoja wa ua."

"Ua wote."

"Zeina!"

"Ua wote, na kufuli lako uondoe."

"Maboksi yote hayo niyaweke wapi? Kichwani?"

"Sebuleni kwako. Makochi yale hayakaliwi, yana nailoni tangu yanunuliwe."

Watu wakacheka tena, na mara hii hata dereva. Zeina hakucheka. Huyu ndiye kaka aliyemsomesha, lakini alijua akilainika sasa, ua utakuwa stoo mpaka siku nyumba itakapovunjwa. Akabaki amesimama katikati ya mkeka, hasogei.

Wakati wakubwa wakikaziana macho, Safari aliinuka. Alitembea mpaka kwenye ukingo wa mkeka, akasimama. Paskalina akashika mdomo. Mtoto akautazama ukingo, kisha akaukanyaga, akapita, akaenda moja kwa moja kwenye lori, akaweka kiganja kwenye tairi. Akarudi mbio kwa mwalimu wake.

"La moto," akasema.

"Kwa nini la moto?" Zeina akamuuliza.

Safari akafikiri. "Limekimbia."

Abdulkadiri alimtazama mtoto yule, akalitazama lori, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

"Fikirini," akasema kwa uchovu, "anzeni kutoa yale ya uani. Pelekeni sebuleni. Mke wangu akiuliza, mwambieni ni wifi yake." Akamgeukia Zeina. "Haya, umeshinda. Nyanyua mkeka, lori lipite."

Zeina akakaa chini katikati ya watoto, akavuta kiatu cheupe kisicho na mwenzake.

"Kipindi hakijaisha," akasema.

Akaanza kuwauliza ni vitu gani vingine hukimbia vikapata moto. Majibu yalikuwa mengi, na kila mmoja alikuwa na la kwake. Dereva akashuka kutafuta chai. Na tajiri wa chupa za chai akabaki amesimama kwenye ukingo wa mkeka, ufunguo mkononi, akisubiri zamu yake.