Mchawi wa Simulizi Ile ni Mama Mkwe Wangu

Nimekosa, jamani, na sitaki mtu anitetee. Naandika haya nimejifungia bafuni, maana huko nje yupo mtu niliyemkosea, anachagua mchele wa mchana.

Naishi Mlowo na mama mkwe. Mume wangu ni dereva wa lori, muda mwingi yuko kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Mama anauza chumvi sokoni, ile ya kwao Ivuna. Hatukuwa maadui, ila alikuwa ananikera. Chakula changu hakikosi kasoro, na simu yangu anaiita "mume wako wa pili."

Na kweli simu ilikuwa imeniteka! Kuna simulizi inarushwa mtandaoni. Weee! Mapenzi yamo, majini yamo, askari mpelelezi anayesaka mizimu yumo, na chini ya Ziwa Rukwa kuna ufalme ambako binti wa Kinyiha anaolewa na mfalme asiye na kivuli. Unacheka, halafu ghafla unaogopa kwenda kuchota maji. Sikuwahi kusoma kitu kinachotaja barabara zetu na kahawa yetu, kisha kikaweka jini katikati.

Makosa nayo ni mengi. Mtu anakufa leo, kesho yuko mezani anakunywa chai bila maelezo. Mpelelezi alibadilika jina, mwandishi wala hakushtuka. Lakini mchawi wake ndiye aliniudhi: bibi wa kupanda ungo na kucheka ovyo, hata mtoto hamwogopi.

Nikaandika kwenye maoni: "Mchawi wako hatishi."

Mwandishi akanifuata inboksi. "Dada, basi nisaidie. Unamjua anayetisha?"

Siku hiyo mama alikuwa ameniaibisha mbele ya wageni kwa sababu ya ugali. Nikampa mama mkwe mzima mzima! Jicho lake la kushoto lenye ukungu. Anavyopuliza kopo kabla ya kupima chumvi. Na akiwa jikoni, anavyowataja kwa majina watoto wake waliofariki utotoni, polepole, kama anawaita kula.

Hata majina ya watoto hao nilimpa! Mwandishi akaniita msomaji wake bora, nami nikavimba kichwa. Mjinga mimi!

Kwenye sehemu iliyofuata akatokea bibi muuza chumvi. Anapuliza kopo, roho ya mteja inabaki humo, kisha anawaita watoto aliowaficha ziwani. Ilitisha kweli. Nilisifia kama wenzangu.

Kumbe sokoni nako wanasoma! Haukupita muda, mteja mmoja akamwambia mama, "Bibi, usipulize kopo, mimi nina watoto." Wengine wakaacha kununua kabisa. Mtoto wa jirani aliposhikwa na homa, watu walikuja kusimama nje kwetu. Jiwe likatua juu ya bati.

Nikamwomba mwandishi amtoe yule bibi.

"Nimtoe? Ndiye wanampenda kuliko wote! Hebu niambie, anaogopa nini?"

Nikaandika kwenye maoni kwamba bibi yule ni wa kutunga tu. Wakanijibu kwamba naogopa kurogwa.

Mama sasa hatoki. Juzi mchana akaniambia, "Mwanangu, mimi sijui kusoma. Nisomee hiyo hadithi, nijue nimewafanya nini watu."

Nikasoma huku naruka mistari. Nilipofika kwenye majina ya watoto, ulimi uliteleza, nikalitaja la kwanza.

Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Wanangu nawataja jikoni," akasema taratibu. "Jikoni tuko wawili tu."

Nilisubiri kofi. Nilisubiri matusi. Hakunipa hata kimoja. Aliinuka akaenda kuwasha moto.

Bado ananipikia. Bado ananiita mwanangu, maana nimebaki mimi tu wa kukaa naye. Mume wangu hajaambiwa. Akipiga simu tunatazamana, mama anasema, "Hatujambo, baba." Nikisema, ndoa imekwisha. Nikinyamaza, nakaa mezani na yule mama kila siku! Nitakimbilia wapi?

Ndugu zangu, simulizi hizi ni tamu, someni. Lakini mwandishi akikuomba mtu, usimpe mtu wa kweli, hasa yule aliyekuudhi leo. Hasira yangu iliisha jioni ile ile. Simulizi bado inaendelea.