Jina la Raya

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, bibi yangu mzaa baba alianza kuniita Raya. Mimi jina langu ni Salma. Raya alikuwa mdogo wake, aliyekufa Unguja akiwa mtoto, miaka mingi kabla watu wetu hawajahamia Maskati.

Mwanzo tulicheka. Bibi alikuwa ameshaanza kusahau: alitia chumvi kwenye chai, alisali adhuhuri mara tatu, alimuuliza baba yeye ni mtoto wa nani. Lakini shangazi Zuwena alipokuja kututembelea kutoka Sib na kulisikia jina lile, hakucheka. Alinivuta pembeni, akanishika mabega.

"Usiitikie," aliniambia. "Anaekwita si mama yangu. Kuna kitu kimempanda, kinatumia ulimi wake. Ukiitikia jina la maiti, kitamwacha yeye kikuhamie wewe."

Nilimtazama mama. Aliinamisha uso, akaendelea kukunja nguo.

Nyumbani kwetu Khuwair ya Kusini, mtaa wa Maskati, majini yalizungumzwa kama majirani, kwa hiyo sikuona ajabu. Baba alileta shekhe, akamsomea Bibi wiki nzima. Hospitali hakutaka kumpeleka. Dada zangu walikuwa wamefikia umri wa kuposwa, na aliogopa watu wasije wakasema ukoo wetu una wazimu. Wageni wakija, Bibi alifungiwa chumbani, wakaambiwa amelala. Lakini hakuna aliyemtesa. Mama alimwogesha kila asubuhi, akamfukiza udi, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Tulimfanyia kila kitu isipokuwa kuzungumza naye.

Siku moja baada ya alasiri, mama alikuwa jikoni anakaanga sambusa. Mimi niliwekwa ukumbini nimwangalie Bibi, mlango wa chumba chake ukiwa wazi.

"Raya," aliita. "Raya, njoo unishike mkono. Nna haja ya choo."

Niliziba masikio. Aliita tena, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyenuna.

"Raya, umenikasirikia? Nimekufanya nini?"

Nilibana midomo, nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Kisha nikasikia kishindo.

Alivunjika nyonga. Hospitali, daktari alimweleza baba kwamba yale ni maradhi ya ubongo, yanawapata wazee wengi, na kwamba kumfungia na kumnyamazia kulikuwa kunamzidishia khofu tu. Baba alimshukuru, na hakutuambia neno hilo mpaka Bibi amekwisha kuzikwa. Shangazi alisema yeye alituonya tangu mwanzo kuwa kitu kile kitamdhuru mtu, na sote tuliona amesema kweli.

Usiku wa siku ile aliyoanguka Bibi, baba aliniuliza mbele ya watu wote, "Hajakwita?"

"Hajaniita," nilijibu. Jina langu hakulitaja, na mimi nilijishikiza hapo.

Bibi hakusimama tena. Aliishi miezi mitano, na katika miezi hiyo hakumwita mtu yeyote.

Mwaka jana mama alikuja kukaa kwangu Azaiba, na asubuhi moja, tukichambua mchele, nikamwambia yote.

"Nilimsikia," alisema. "Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nikazima jiko, nikasimama pale pale. Nilidhani utakwenda wewe. Halafu nikaogopa usije ukaenda."

Shangazi Zuwena simlaumu sana. Alikuwa anampoteza mama yake huku anamwona, na jini angalau husomewa likatoka. Mama pia simlaumu, ingawa siku ile tulimaliza kuchambua mchele bila kutazamana. Miaka yote hiyo, kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake aliyesikia.

Kwangu mimi mwenyewe ndipo ninaposhindwa kupata udhuru. Watu huniambia nilikuwa mtoto, na ni kweli. Lakini kwa jina lolote aniite, aliyekuwa akimwita ni mimi. Nilikuwa hatua sita tu kutoka kitandani kwake.