Jina Baya la Mbwa Wetu

Ofisini huniuliza kwa nini nilichagua pitbull, wakati Bukavu imejaa mbwa wa kawaida wanaotolewa bure. Huwa najibu kwa mkato kwamba ni mambo ya usalama, kisha narudi kwenye karatasi zangu. Hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili nimeificha karibu miaka miwili, maana ingejulikana tungeibiwa tena.

Wezi walikuja saa tano asubuhi. Mimi nilikuwa kazini, katika sekretarieti ya chuo, na mama yangu alikuwa peke yake nyumbani kwetu Panzi, anachambua maharage. Walikuwa watatu. Walimfunga mikono kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwa, wakachukua televisheni, betri ya sola na mtungi wa gesi, wakamwacha amekaa chini mpaka niliporudi saa kumi. Hakuwa na jeraha. Aliniambia tu, "Mwana wangu, fungua polepole, kitambaa isipasuke." Mimi ndiye niliyelia. Tangu siku hiyo, kila pikipiki iliposimama chini ya dirisha la ofisi, nilidhani ni mtu anayeniletea habari za mama.

Mlinzi wa mchana hakuwezekana kwa mshahara wangu. Mbwa wa kawaida ninawafahamu: wiki ya kwanza humbwekea hata padri, wiki ya pili wanakula ugali wa mtu yeyote anayewaita. Nilitaka mnyama ambaye mwizi akisikia jina lake tu atabadilisha njia.

Mwalimu mmoja wa chuo alikuwa anahamia nyumba ya ghorofa ambako mwenye nyumba hataki wanyama. Alikuwa na pitbull wa kahawia, kichwa kama tofali, kifua kipana, masikio yamekatwa. Nilimuuliza kama anauma. Akanijibu, "Maman, batu wanamukimbiaka." Nilikuwa nimeshafika nyumbani na mnyama wangu nilipogundua kuwa hakunijibu.

Mama alimpa jina la mdogo wake, kwa sababu walifanana kifua, na kwa heshima ya mjomba siliandiki hapa. Nikamtafuta mchoraji aandike langoni CHIEN MÉCHANT, yaani mbwa mkali, kwa rangi nyekundu. Alijiongezea kazi, akachora na kichwa cha mbwa mwenye meno mengi kuliko Mungu alivyowahi kumpa mbwa yeyote.

Haikuchukua wiki mbili kujua tulichokileta. Mvua ikianza kupiga mabati, mbwa wetu alitetemeka. Siku jogoo wa jirani aliporuka ukuta, alikimbilia jikoni akajificha nyuma ya gunia la makaa, na tulimtoa kwa kumbembeleza. Mchana alilala juu ya miguu ya mama, na mama, ambaye maisha yake yote alifukuza mbwa kwa fagio, akaanza kumwekea ngozi ya kuku pembeni ya sahani. Nilicheka sana. Kisha nikaogopa, kwa sababu nilielewa kwamba kilichokuwa kinalinda nyumba yetu ni maneno ya watu tu.

Basi tukayatunza hayo maneno. Mtu akibisha hodi, mama aliokota mnyororo, akaugonga kwenye lango la chuma na kupiga kelele, "Tulia! Tulia, nasema!" huku mnyama mwenyewe anakoroma barazani. Mama aliumudu mchezo huo kuliko mimi. Nilimchagua mbwa kwa sababu ya sifa yake, nikampenda kwa sababu haikuwa yake, na sikuweza kumwambia mtu lolote kati ya hayo mawili. Mwaka mzima hakuna mwizi aliyegusa ukuta wetu.

Lakini hakuna mtu mwingine pia aliyeingia. Sisi Wakatoliki wa Bukavu tunaishi kwa shirika: majirani wa njia mbili tatu wanaokutana kila wiki kusali, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ukiumwa, shirika ndilo linalokuja kukuona. Ukifiwa, shirika ndilo linaloleta viti, maji na sufuria kubwa. Baba alipofariki, mama hakuinua hata kikombe kwa siku saba.

Zamu yetu ya kupokea ilipofika, kiongozi wa shirika, papa mmoja, yaani baba mtu mzima, aliyefundisha katekisimu miaka mingi, alikuja akasimama nje ya lango. "Maman, tunakupenda," alimwambia mama kupitia tundu la kufuli, "lakini shirika haiwezi kuingia fasi iko imbwa ya kuua batu. Tutakuruka kidogo." Wakaturuka. Zamu ya pili wakaturuka bila hata kuja kusema. Mama aliendelea kwenda kusali kwa wenzake.

Jumapili moja, baada ya misa, alinigeukia. "Waambie kweli, ya kama imbwa haina kitu."

"Mama, nikiwaambia leo, kesho Panzi yote inajua. Kesho kutwa wale watatu wanarudia."

"Na mimi nikikufa, nani ataingia humu kunililia? Imbwa?"

Nilimwambia tutaona. Sikuwa na nia ya kuona chochote. Nilikuwa naona mikono yake imefungwa.

Jumamosi iliyofuata niliitwa kazini kwa ajili ya maandikisho ya wanafunzi. Niliporudi saa tisa nilisikia rozari inatoka ndani ya ua wetu. Lango lilikuwa wazi. Watu wapatao ishirini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, mama katikati amevaa kitenge chake cha sikukuu, na mbele yao mbwa wangu muuaji amelala chali, miguu minne juu, anakunwa tumbo. Aliyekuwa anamkuna kwa kidole cha mguu, huku anaitikia Salamu Maria bila kukosa neno, ni mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale barabarani. Huyo akijua jambo saa mbili, saa tatu limeshauzwa pamoja na samaki.

Huwezi kukatiza rozari, basi nilisimama pale nikasali makumi mawili mazima nikiwa na hasira, na sidhani kama yalifika mbali. Mama hakuniangalia hata mara moja.

Baada ya amina ya mwisho sikusubiri mtu anisalimie. "Sawa, mumeona," nikasema. "Hii imbwa haiumake. Inaogopa hata kuku. Lakini siku wale wezi walimufunga mama yangu na kitambaa yake, alikaa chini masaa tano, na hakuna mutu alijua. Sasa habari ikitoka humu, Jumatatu mimi niko kazini. Mama anabaki na nani?"

Papa kiongozi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kumbe njo sababu," akasema. Nikamjibu ndiyo, hiyo ndiyo sababu. Mama akagawa chai na maandazi kana kwamba sijasema lolote, na nilimwona anacheka na wenzake kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afe. Nilikuwa bado nimemkasirikia. Niliingia ndani nikaanza kuhesabu ni nani wa familia angeweza kuja kukaa naye mchana, na sikumpata.

Jumatatu asubuhi nilitelemka kwenda kutafuta teksi, na kwenye kona nikakuta watu wamejaa mbele ya beseni la sambaza: wanunuzi, wenye pikipiki, wapita njia. Mama wa sambaza alikuwa amesimama, ameinua pindo la kitenge kuonyesha tundu kubwa.

"Muangalie meno ya ile imbwa! Tuko tunasali, ikaruka hivi! Batu ishirini tulipanda juu ya mabenchi!"

Kando yake alikuwa papa wa katekisimu na samaki wake mkononi. "Mimi mwenyewe nilikimbia," akawathibitishia watu kwa sauti ya kanisani. "Ile haiko imbwa. Ile ni kitu ingine."

Kitenge kile nilikifahamu. Tundu lile lilichomwa na cheche ya makaa kwenye sherehe ya ubatizo, na shirika zima tulikuwepo, tulimmwagia maji sisi.

Akaniona. "Njo huyu mwenyewe!" akafoka, kidole puani mwangu. "Maman, unataka kutumaliza? Weka ile munyama yako mu munyororo!" Watu wote wakageuka kunitazama, na wenye pikipiki wawili wakarudi nyuma kidogo, kana kwamba nimekuja na mbwa mwenyewe. Sikuweza kumwangalia usoni. Niliinamisha kichwa, nikamwomba pardon mbele ya barabara nzima, na kwa kuwa nilikuwa nalia kweli, kila mtu aliniamini.