Choya ya Kurudisha Damu

Mimba ya dada ilipofika mwezi wa sita, kliniki walimwambia kwamba damu yake ina sukari nyingi. Nesi alisema ugonjwa huo umekuja na mimba na huenda ukaondoka nayo. Dada alikuwa amerudi kwetu Tandale kujifungulia, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, kwa hiyo mama na mie ndio tuliomsindikiza hospitali. Nilikuwa nimemaliza la saba na sikuwa na kazi. Kuzungumza na watu siwezi, ila kubeba kikapu naweza.

Walimtoa damu kila tulipokwenda. Nyingine walipimia sukari. Nyingine waliitia kwenye mrija mwembamba wa kioo, wakausimamisha dirishani, na mie nikawa nautazama. Wekundu ulishuka polepole, juu yake yakabaki maji ya manjano. Daktari alisema ukishuka upesi mno ni dalili kwamba ndani ya mwili kuna kitu kinawaka, ingawa kwa mjamzito yeyote hushuka upesi, hivyo hawezi kusema kwa uhakika. Akaeleza pia kwamba kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto, linatoa homoni, na homoni hizo ndizo zinazoizuia sukari isiingie mwilini, ikabaki kwenye damu. Mashine ya kuzipima hawakuwa nayo.

Katika hayo yote mama alishika jambo moja tu, kwamba damu inatoka.

"Nyie mnatoa tu, hamrudishi," alimwambia nesi.

"Mama, hicho si hata kijiko."

"Kwako kijiko. Humo ndani kuna mtu anaisubiri."

Nesi akacheka. Sote tulicheka, hata dada aliyekuwa amekandamiza pamba mkononi.

Kwetu damu ikipungua hurudishwa kwa choya. Mama alinunua maua yake makavu sokoni akayachemsha mpaka maji yakawa mekundu kabisa, na ukiyatazama unaona mwenyewe kwa nini watu wanaamini. Lakini choya ni chachu, inakunja uso. Mama akatia sukari, tena bila kubana mkono. Alipokuwa na mimba yangu sukari ilikuwa ya foleni, na mara nyingi iliisha kabla yeye hajafika mbele. Sasa maduka yalikuwa yamejaa, magunia ya sukari yamewekwa wazi hadi barazani.

"Huyu hatakunywa uchachu niliokunywa mie," alisema.

Chai ya dada haikuwa na sukari. Hilo mama alilisimamia kweli. Shemeji alipoleta soda, mama aliwagawia watoto wa wapangaji. Nesi alipouliza kama sukari wameacha, mama alijibu wameacha, na hakuwa anadanganya. Choya ilikuwa dawa.

Kipimo kikapanda. Kwa kuwa kilipanda, wakawa wanamwita mara nyingi zaidi, na walivyozidi kumtoa damu, ndivyo mama alivyozidi kuchemsha choya. Daktari alianza kumtazama dada kama mtu anayeficha kitu.

"Unakula kwa siri?"

"Sili, daktari."

Njiani dada alilia. Akaanza kuacha nusu ya ugali wake. Tumbo lilizidi kukua, na wanawake wa nyumba ile wakawa wanamtania, "Wewe umebeba mtoto au umebeba askari?" Utani huo aliupenda. Alikuwa akiurudia mwenyewe akiwa peke yake, anajishika tumbo.

Mwezi wa nane nesi alitoka nje kutuita, akamkuta dada benchini, chupa ya choya mdomoni. Aliichukua akaonja.

"Mama, hii nini?"

"Damu yake," mama alisema. "Mliyoitoa."

Nesi hakucheka. Alikaa karibu na mama akamweleza kwa sauti ya chini, na mama akawa anaitikia ehe, ehe, kila ehe ndogo kuliko iliyotangulia. Walitaka kumlaza dada siku ileile, wamchome sindano za insulini. Kwanza daktari alimwekea tumboni kile chombo cha kusikilizia. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Dada akauliza kama mtoto amelala. Alisema jana alikuwa anacheza, kisha akasema labda juzi.

Alikuwa mvulana, mkubwa, mashavu yamejaa. Shemeji na wanaume wachache walikwenda kumzika. Mama alimuuliza daktari kama ni choya. Daktari alisema huenda ingekuwa hivyo hata bila choya, kwamba mambo ya damu hawayajui yote. Alisema kwa upole, na mama akamshukuru. Nyumbani alichukua ile chupa akaiosha, akaiosha tena, akaipindua mdomo chini juu ya jiwe la kufulia, na hakuna aliyeigusa.

Dada alikuwa amepoteza damu nyingi alipojifungua. Alirudi midomo imekuwa myeupe, na nesi alisema ale matembele, na maini yakipatikana. Mama alikaa jikoni na maua ya choya kiganjani mpaka mkaa ukaanza kufa. Mwishowe aliuchochea, akayachemsha, hakutia kitu.

Dada alipokea kikombe, akanywa chote. Nilingoja akunje uso.

"Chachu?" mama aliuliza.

"Sisikii kitu," dada alisema, akamrudishia kikombe.